Usiku wa filamu za Sembène, Ujiji: tuanze na ipi, na mitambo ipi?

mtu_wa_gungu
Wakuu habari. Tunaandaa usiku wa filamu za mwongozaji Ousmane Sembène wa Senegal, uwanja wa shule Ujiji, mwezi wa saba. Watu kama 150, bila kiingilio. Tuna projekta ya mwanga wa lumeni 3,000, laptop na spika mbili. Tuonyeshe zipi, na lugha tufanyeje? Kiwolof na Kifaransa wengi hawasikii.

kibanda_umiza
Msizidishe saa tatu. Anzeni na Borom Sarret (1963), dakika kama 20: mwenye mkokoteni wa farasi anaingia mtaa wa wakubwa Dakar, polisi wanamnyang'anya mkokoteni. Dereva wa bodaboda hahitaji kuelezwa zaidi. Kisha La Noire de... (1966), kama saa moja. Pumzikeni, halafu Mandabi (1968), saa moja na nusu, ya rangi: mzee katumiwa hawala kutoka Paris, posta hawampi hela kwa kuwa hana kitambulisho. Mkoa wa mpakani kama wetu, hiyo ndiyo ya kuwashia mjadala.

La Noire de... isiwe ya mwisho. Binti, mhusika mkuu, anajiua, na watu wataondoka bila kusema neno. Moolaadé (2004) ni kali sana, ila inahusu ukeketaji na ina saa mbili. Ipeni siku yake, watoto wakiwa wamelala.

fundi_mwanga
Jua Kigoma mwezi wa saba linazama kama saa 1 jioni, Dar wanatutangulia kwa dakika 40 hivi. Mkianza saa 1 picha itapauka. Wekeni saa 1:40.

Kitambaa kiwe cha upana wa mita 3. Mkitamani mita 5, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo karibu mara tatu, na matukio ya usiku hayataonekana. Projekta ya kawaida ikae mita 4.5 hivi kutoka kwenye kitambaa. Filamu mbili za mwanzo picha yake inakaribia mraba. Msiivute ijaze kitambaa, nyuso zitatanuka.

Msimu huo upepo wa kusini-mashariki hauna masihara. Kitambaa kikivimba kama tanga, katikati panapoteza fokasi. Kifungeni kwenye fremu ya mabomba, kamba kila nusu mita pande zote nne. Ukuta wa darasa uliopakwa nyeupe isiyong'aa ni bora kuliko yote hayo.

Umeme: projekta wati 300, spika 200, laptop 65. Kijenereta cha wati 650 kitahema usiku kucha, tafuteni kikubwa zaidi, cha kVA 2, mkiweke mbali, nyuma ya jengo. Projekta ipitie UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika ghafla feni inasimama taa ikiwa bado ya moto, na taa nyingi hufia hapo.

mtu_wa_gungu
Asante sana wakuu. Bado lugha. Tumwite DJ wa kutafsiri filamu kwa mdomo?

kibanda_umiza
DJ anajaza kila ukimya kwa utani, na Sembène anautumia huo ukimya. Andaeni maandishi ya tafsiri ya Kiswahili kwenye picha: mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kila mmoja. Yapandisheni juu kidogo, vichwa vya mbele hufunika mstari wa chini. Kwa wasiosoma, mtu mmoja ayasome kwenye maiki kwa sauti ya chini, asiongeze lake.

Kwenye VLC, programu ya kuchezea filamu, vitufe vya G na H zinasogeza maandishi kwa milisekunde 50. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na sauti, hadi dakika mbili na nusu kwa saa, G na H hazisaidii kitu: maandishi ni ya fremu 25 kwa sekunde na filamu ni ya 23.976, au kinyume chake. Badilisheni kwenye programu ya Subtitle Edit, na mjaribu filamu nzima siku ya kabla.

afisa_mstaafu
Kibali msikisahau. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inahusu maonyesho ya hadhara hata kama hamtozi kitu. Anzieni kwa Afisa Utamaduni wa manispaa, mwende na majina ya filamu, urefu na muhtasari wa kila moja. Na DVD ya nyumbani haiwapi haki ya kuonyesha uwanjani, mwandikieni msambazaji mapema, kwa maandishi, mtaje idadi ya watu na kwamba hakuna kiingilio.