Kulenga viungo vya adui: New Vegas, Fallout 4 au Wasteland 3?

Msafiri_Jangwani: Habari wakuu. Punguzo la Steam, lile duka la gemu mtandaoni, linaisha Jumapili na nataka gemu moja tu. Napenda mapigano ya kuchagua pa kumpiga adui: mguu, mkono, kichwa. Nimebaki na tatu: Fallout: New Vegas, Fallout 4 na Wasteland 3. Nichukue ipi?

KamandaTosha: Mkuu, mashine yako ikoje? Bajeti je? New Vegas ni ya 2010, inaridhika na RAM ya GB 2. Hizo mbili nyingine zinaanzia GB 8. Bila hayo tunakisia tu.

Nahodha wa Pwani: New Vegas, bila kusita. VATS yake, ile hali ya kulenga viungo, inasimamisha kila kitu. Unasoma asilimia ya kila kiungo, unagawa risasi kwa pointi ulizonazo. Kwenye Fallout 4 muda unapunguzwa mwendo tu; jitu linazidi kukujia nawe bado unatafuta goti.

Mwewe: Ndiyo raha yenyewe hiyo! Adui akisogea asilimia inapanda, unaamua ufyatue sasa au umsubiri. Muda ukisimama, woga unatoka wapi?

Dada Kontrola: Asilimia za VATS msiziamini hivyo. Nilikuwa New Vegas, eneo la Quarry Junction, nimejibanza nyuma ya mwamba. Deathclaw, lile dude la makucha, yuko chini bondeni, skrini inaniambia kichwa asilimia 95. Nikapanga risasi zote hapo. Zote zikaishia kwenye ukingo wa mwamba ulio mbele ya bunduki yangu! Gemu ilikuwa imehesabu kana kwamba njia iko wazi. Pointi zimekwisha, risasi kwenye magazini hakuna, na wenzake wawili wameshanisikia. Sikumaliza hata kujaza. Tangu siku hiyo natoka mafichoni kwanza, halafu nalenga miguu. Deathclaw aliyevunjika mguu hakukimbizi.

KamandaTosha: Miguu, kweli kabisa. Na Wasteland 3 mleta mada aijue: kulenga kiungo si kila zamu. Unapiga kawaida mpaka kipimo kijae, ndipo unaruhusiwa pigo la shabaha. Mimi naipenda hivyo, lakini wengine inawaudhi.

Msafiri_Jangwani: Samahani wakuu, ni laptopu, RAM GB 4, haina kadi ya picha ya pekee.

KamandaTosha: Basi mbili zimejiondoa zenyewe. Bajeti bado hujasema.

Babu wa Zamu: Kijana, chukua Fallout ya kwanza, ya 1997. Sehemu nane za mwili, macho na kinena zimo, na kulenga kunakula pointi moja tu ya ziada. Ila wakati wa kuunda mhusika usiguse sifa ya Fast Shot, itakunyima kulenga kabisa.

Mwewe: Shikamoo Babu, ila michoro ile ya 1997 nani ataivumilia leo?

Babu wa Zamu: Marahaba. Mpige mtu jichoni halafu uje tuzungumze michoro.

Nahodha wa Pwani: Mbona hakuna aliyetaja gemu ya Kingdom Come? Adui amevaa deraya kifuani lakini uso uko wazi, unampelekea upanga usoni. Hakuna asilimia, ni mkono wako.

Mwewe: Kwenye GB 4, Nahodha?

Nahodha wa Pwani: Aongeze RAM. Msafiri, hiyo laptopu ina nafasi ya pili ya RAM au imechomelewa?