Kikundi cha Ukoo: Friji ya Bibi Imeacha Kupoza Chini

*Jumatano, asubuhi*

Shangazi Ipagala: Hamjambo nyote. Naleta kwenu shida ya friji ambayo imenishinda. Sehemu ya juu inagandisha mpaka nyama imekuwa jiwe, lakini huku chini maziwa niliyochemsha jana jioni yamechacha na maji ya kunywa hayana tofauti na ya mtungini. Miezi miwili iliyopita ilinifanyia hivi hivi. Fundi mmoja akaja akasema gesi imepungua, akaniambia niizime na kuiacha wazi usiku kucha, kesho yake akajaza gesi nikamlipa shilingi 80,000. Ilipoza siku tisa, kisha ikarudi palepale. Maziwa yanaweza kumwagwa, lakini humo ndani mna chupa nne za insulini ya Mama.

Baba Mkubwa Mpwapwa: Pole sana, mdogo wangu. Kama gesi imedumu siku tisa tu, basi kuna tundu linalovuja. Mwite fundi yuleyule alitafute, na asikutoze tena.

Dada Muuguzi: Shikamooni wazee wangu. Shangazi, tuanze na dawa. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, kwa hiyo tafadhali zipeleke kwa jirani mwenye friji nzima sasa hivi, na usizihamishie kwenye friza kwa kuhofia joto, kwa sababu insulini ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Ile moja ambayo Bibi anaitumia inaweza kukaa nje kwa takribani wiki nne, mradi joto lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Iweke kwenye chungu kidogo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati ujaze mchanga uliolowa, juu ufunike kitambaa chenye unyevu. Hewa yetu ya Dodoma mwezi huu wa Septemba ni kavu, maji yanakauka haraka kwenye mchanga na chungu cha ndani kinapoa vizuri.

Shangazi Ipagala: Marahaba, mwanangu. Mama Neema wa nyumba ya pili amezipokea zote tatu, na vyungu ninavyo.

Fundi Kizota: Shikamoo Baba Mkubwa, shikamoo Shangazi. Baba Mkubwa, naomba unisamehe nikitofautiana nawe. Gesi ikipungua, friza ndiyo inayodhoofika, na hapa friza inagandisha nyama kuwa jiwe. Nadhani kilichoiponya friji kwa siku tisa ni ule usiku iliolala wazi, wala si gesi aliyoijaza. Aina hii ya friji ina koili moja tu ya baridi, imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki ndani ya friza, na kuna feni inayosukuma ile baridi kuishusha chini kupitia mfereji mwembamba. Koili inashika barafu kila siku, kwa hiyo kila baada ya saa kadhaa taima inasimamisha kompresa na kuwasha hita ndogo inayoiyeyusha. Hita isipowaka, barafu inajengeka mpaka inaziba mfereji, juu panaendelea kuganda na chini panabaki joto. Shangazi, naomba ufungue friza uniambie ukuta wake wa nyuma ukoje, na usikilize feni.

Shangazi Ipagala: Ukuta umefunikwa na barafu nyeupe kama chokaa, nene kuliko kidole changu. Feni inakwaruza, inanyamaza, kisha inakwaruza tena.

Fundi Kizota: Basi feni inagusa barafu. Chomoa waya ukutani, toa vitu vyote, acha milango yote miwili wazi mpaka kesho jioni na utandike matambara chini. Nakuomba sana usichokoe barafu kwa kisu. Nimeshaona koili nyingi zilizotobolewa kwa kisu cha jikoni, na hapo ndipo tatizo la gesi linapoanza kuwa la kweli. Pia tafuta kibandiko chenye maandishi madogo ukutani kwa ndani, karibu na droo ya mboga, ukipige picha.

Shangazi Ipagala: Picha hiyo nimeituma. Naona 220–240V, 50Hz, R600a, na namba ndefu ya modeli.

Fundi Kizota: Asante. Hiyo R600a ni gesi inayoshika moto, kwa hiyo asikaribie mtu na mshumaa wala jiko la mkaa kuharakisha barafu. Kesho nikitoka kazini nitakuja na mita ya kupimia umeme.

*Alhamisi, usiku*

Fundi Kizota: Nimetoka kwa Shangazi muda huu, na napenda kuwaeleza nilichokikuta ili tusinunue kitu kwa kubahatisha. Taima iliyo nyuma ya friji ni nzima, nimeizungusha kwa bisibisi taratibu mpaka ikalia ta, kompresa ikanyamaza kama inavyotakiwa. Nikachomoa umeme, nikafungua ukuta wa friza na kupima hita, mita ikasoma omu 342, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Hita ya wati 150 kwenye umeme wetu wa volti 230 hukaribia omu 350, kwa hiyo nayo ni nzima. Mbele ya hita kuna vitu viwili vidogo vilivyofungwa pamoja kwa soketi moja, yaani fyuzi ya joto ya nyuzi 72 na swichi ya baridi. Fyuzi imekatika, mita haikusoma chochote.

Baba Mkubwa Mpwapwa: Basi tununue hiyo fyuzi peke yake. Ni kitu cha bei ndogo.

Fundi Kizota: Hapo ndipo penye mtego, Baba Mkubwa. Fyuzi hii kwa kawaida haikatiki kwa uzee, inakatika kwa sababu mahali pale palipata joto kupita kiasi. Swichi ya baridi inatakiwa kuunganisha umeme koili ikiwa imeganda, na kukata umeme barafu ikishayeyuka ili hita izime. Nilipoipima jikoni kwa Shangazi ilikuwa ya vuguvugu mkononi, na katika hali hiyo inatakiwa iwe imekata, lakini mita ililia kwa nguvu, yaani njia ya umeme bado imeunganishwa. Tumezoea kwamba mita ikilia kifaa ni kizima, kumbe kwa swichi hii ikiwa na joto la chumba, mlio ndio ugonjwa. Imenata. Hita ilikuwa inaendelea kuwaka barafu ikiwa imekwisha, mpaka fyuzi ikajitoa mhanga. Tukiweka fyuzi mpya na swichi hii hii, itakatika tena. Tunahitaji seti nzima.

Dada Muuguzi: Je, haiwezekani kuunganisha waya moja kwa moja ili Bibi apate friji usiku huu, kifaa kikija tukibadilishe?

Fundi Kizota: Hapana, dada yangu. Swichi imenata na fyuzi ikirukwa, hakuna kitu chochote kitakachozuia joto la hita mahali palipozungukwa na plastiki. Wapo wanaofanya hivyo, mimi sitafanya katika nyumba anayolala Bibi.

*Ijumaa, mchana*

Shangazi Ipagala: Nimezunguka maduka ya vipuri kuanzia Majengo hadi Sabasaba. Duka moja wamenipa seti inayofanana sana, rangi ileile ya kijivu, lakini soketi yake ina matundu matatu na yetu ina manne. Muuzaji ananiambia nikate waya nijiungie. Naweka picha zote mbili hapa.

Fundi Kizota: Usiinunue, Shangazi. Kuza picha ya pili utaona fyuzi yake imeandikwa nyuzi 77, na swichi ina namba nyingine kabisa. Hata kama zingelingana, kiungo cha waya kilichozungushiwa utepe pale ndani kitalowa kila mara barafu inapoyeyuka. Kufanana kwa macho hakutusaidii. Tunatafuta namba iliyochapwa kwenye mgongo wa swichi yetu, namba ya modeli kwenye kibandiko, volti, na umbo la soketi. Mkisikia kuna hita au seti iliyotolewa kwenye friji ya mtumba ya volti 110, hiyo nayo muiache, kwa maana hita ya namna hiyo kwenye umeme wetu itatoa joto mara nne ya ile iliyokusudiwa.

Mdogo Kariakoo: Shikamooni. Nimechukua picha ya namba nikaingia nayo mitaani. Maduka mawili ya kwanza walitaka kunipa kitu kwa kukitazama tu, la tatu mzee akavaa miwani, akasoma namba herufi kwa herufi, akafungua boksi. Namba ni ileile, nyuzi 72, matundu manne. Bei ni shilingi 25,000.

Fundi Kizota: Kabla hujalipa, mwombe aipime kwa mita mbele yako. Fyuzi inatakiwa ilie. Swichi inatakiwa inyamaze, na wakiiweka kwenye friza yao kwa nusu saa, ilie.

Mdogo Kariakoo: Amekubali, na imekuwa hivyo hivyo. Kifurushi kinaondoka na basi la usiku, kitapokelewa stendi ya Nanenane kesho asubuhi. Nimeandika jina la Shangazi.

Baba Mkubwa Mpwapwa: Gharama ya kifurushi na ya kifaa ni juu yangu. Na ile habari ya tundu la gesi naifuta.

*Jumapili, jioni*

Shangazi Ipagala: Seti ilifungwa jana saa sita mchana. Nimefanya kama nilivyoelekezwa, nimeweka glasi ya maji kwenye rafu ya kati na kipimajoto ndani yake, nikaiacha ilale. Leo alfajiri kilisoma nyuzi 5, na sasa hivi kinasoma 4. Mchana nikiwa nimekaa jikoni nilisikia kompresa imenyamaza, halafu kutoka nyuma ya friza ukatoka mlio mdogo wa chirichiri, kama tone linaloangukia kikaango cha moto, na baada ya muda maji yakatiririka kwenye trei ya nyuma. Ukuta wa friza ni mkavu, hauna chokaa.

Fundi Kizota: Mlio huo ni barafu inayodondokea hita, Shangazi. Ndio tuliokuwa tunautafuta. Swichi ya zamani usiitupe, ifunge kwenye mfuko pamoja na boksi la hii mpya, ubandike nyuma ya friji. Atakayekuja kutengeneza baada yangu ataikuta namba.

Dada Muuguzi: Kipimajoto kikibaki kati ya 2 na 8 mpaka kesho asubuhi, basi zirudishe chupa kutoka kwa Mama Neema. Ziweke rafu ya kati, mbali na ukuta wa nyuma.

Shangazi Ipagala: Nitatuma namba kinayosoma hapa kabla ya saa moja asubuhi, pamoja na picha.