Kuwapeleka wajukuu safari ya meli ya kuangalia wanyama, twende wapi?

bibi_wa_mapacha:
Wadau habari zenu, naomba ushauri kwa waliowahi. Mimi na mzee wangu tumestaafu na kuna akiba tumeitunza muda mrefu kwa jambo moja tu, kuwachukua wajukuu watatu safari ya meli ya kuangalia wanyama. Siyo zile meli kubwa zenye maduka na kasino, nataka zile ndogo ambazo mnashushwa kwenye viboti mnamfuata mnyama hukohuko anakoishi. Mkubwa ni binti wa miaka 13, mapacha wana 7. Wazazi wao hawaji na hiyo ndo raha yenyewe, wakija wao sisi tunageuka mayaya.

Sasa pa kwenda ndo kasheshe. Nimesoma Galápagos (visiwa vya Ecuador), nimesoma Svalbard (visiwa vya Norway kule kaskazini kwenye barafu), nimesoma Antaktika mpaka kichwa kinauma. Binti kasema ni pengwini au asisumbuliwe, mapacha wanataka chochote chenye meno, na mzee ana goti moja halimsikilizi tena. Je mtoto wa miaka 7 anaziweza hizi safari au nitamtesa bure? Na nichukue boti ya watu wachache kabisa au meli ya watu kama mia hivi?

baharia_mstaafu:
Shikamoo bibi. Nimefanya kazi kwenye meli za aina hiyo kwa hiyo nitasema nilichokiona. Antaktika kwa sasa iweke pembeni. Watoto wanaenda ndiyo, ila kutoka Ushuaia, mji wa Argentina mnakopandia meli, lazima mvuke Mlango wa Drake, ile bahari kati ya Amerika Kusini na Antaktika, karibu siku mbili kwenda na mbili kurudi, na ukichafuka hata sisi wafanyakazi tulikuwa tunatembea kwa kushika kuta. Mkifika, watu wanaoruhusiwa nchi kavu kwa wakati mmoja ni 100 tu kwa hiyo meli ikiwa na wengi mnapeana zamu, pengwini unamwachia mita 5, na tangu mafua ya ndege yaingie kule huruhusiwi kukaa chini wala kupiga magoti wala kuweka begi kwenye theluji. Sasa mpe mtoto wa miaka 7 theluji halafu mwambie asikae chini, utaniambia.

Svalbard nako kuna dubu mweupe, mapacha wangefurahi meno yale, lakini tangu Januari 2025 sheria ya Norway inataka mkae mita 300 kutoka kwa dubu, na kuanzia Machi mpaka mwisho wa Juni ni mita 500. Ukiwa na darubini nzuri unamfaidi, bila darubini unaona doa la rangi ya siagi linatembea kwenye barafu. Halafu kiangazi jua halizami kabisa, watoto hawalali na nyie hamlali.

Kwa umri wa hao wako jibu ni Galápagos na sioni la kubishana. Wanyama wa kule hawamwogopi mtu. Sheria ya hifadhi ni mita 2 ila mara nyingi anayeivunja ni mnyama mwenyewe, simba wa bahari amelala katikati ya njia na nyie ndo mnamzunguka.

sikubaliani_sana:
Mimi nitasema msichotaka kusikia. Miaka 7 atakumbuka nini? Hela yote hiyo, ndege zaidi ya moja, halafu akirudi anachosimulia ni aiskrimu ya kwenye meli. Mpelekeni huyo wa 13 sasa hivi, mapacha wasubiri wafike hata 10. Kampuni nyingine zenyewe haziwapokei watoto wadogo na kuendesha kayaki umri unapanda zaidi, kwa hiyo mtalipia vitu ambavyo wao watavitazama kutoka sitaha.

nyanya_msafiri:
@sikubaliani_sana sasa mpendwa si wote tunaenda ili watu wakumbuke, wengine tunaenda tukiwa bado tunaweza kupanda ngazi. Wakifika 10 goti la babu litakuwa limefika wapi?

Bibi mimi nilienda Galápagos na wajukuu, mdogo wao alikuwa rika la mapacha wako, na huyo mdogo ndo alifaidi kuliko sisi wote. Kuna wale mijusi weusi wa baharini, wanakula mwani chini ya maji halafu wakitoka wanajianika juu ya mawe wamelaliana, na ile chumvi wanaitoa puani kwa kupiga chafya. Mmoja alipiga chafya ikamrukia mjukuu wangu kwenye buti, basi siku nzima ikawa ni kuhesabu chafya, mtembeza watalii anaelezea mambo ya volkano hakuna anayemsikiliza. Na wale ndege wa miguu ya bluu, dume akitaka mke ananyanyua mguu mmoja, anashusha, ananyanyua mwingine, taratibu kabisa kama mtu anayeonyesha viatu vipya. Watoto waliicheza hiyo ngoma mpaka kwenye korido za meli.

Mkifika Floreana, kisiwa kimojawapo cha hukohuko, ulizeni kuhusu pipa la barua. Ni desturi ya tangu enzi za wavua nyangumi, unaacha kadi bila stempu halafu unapekua za wenzako, ukikuta ya mtu anayeishi karibu na kwenu unaichukua unampelekea mwenyewe. Kwa mtoto aliyeanza kusoma hilo ni tukio kubwa kuliko kobe, na kobe wenyewe si mchezo.

Meli, mimi ningechukua ile ya watu kuelekea mia (100 ndo mwisho kule, hawaruhusu zaidi). Boti za watu 16 ni tamu ila zinarushwa zaidi na mawimbi, na mara nyingi hazina daktari, halafu mkikuta abiria wengine wote ni watu wazima waliokuja kutafuta utulivu na nyie mna mapacha... Waulizeni tarehe za familia, kampuni nyingi zinazo. Vikundi vya kushuka havizidi watu 16 kwa mtembeza watalii mmoja hata kwenye meli kubwa, kwa hiyo huko nchi kavu hamtajisikia mko wengi.

karani_wa_viza:
Naongeza la makaratasi maana hapo ndo watu wanakwamia. Mkisafiri na watoto bila wazazi, bebeni barua ya idhini iliyosainiwa na wazazi WOTE WAWILI na kugongwa muhuri wa wakili, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ulizeni ubalozi wa Ecuador kama wanataka itafsiriwe kwa Kihispania. Na idhini ya matibabu iwe imeandikwa humohumo, siyo tu idhini ya kusafiri.

Bima hakikisheni inagusa kumhamisha mgonjwa kutoka melini, siyo ile ya begi kupotea. Wengi hawasomi hapo.

Kiingilio cha hifadhi kwa mgeni kilipanda Agosti 2024, mtu mzima dola 200, mtoto chini ya miaka 12 dola 100. Binti wa 13 analipa ya mtu mzima.

bibi_wa_mapacha:
Jamani asanteni sana, mmenifungua macho. @nyanya_msafiri hiyo ya chafya nimemsomea mzee kacheka mpaka akakohoa. Nimeshaanza kuegemea Galápagos ila binti je? Nikimwambia hakuna pengwini si atabaki nyumbani. Na goti?

baharia_mstaafu:
Pengwini wapo bibi! Ni wadogo, wana aina yao hukohuko, wanaweza kuishi pale kwenye ikweta kwa sababu maji ya baridi yanapanda kutoka chini ya bahari upande wa magharibi. Wengi wako visiwa vya Isabela na Fernandina. Kwa hiyo kabla hujalipa chochote omba ratiba kamili, kisiwa kwa kisiwa, siku kwa siku. Hifadhi hairuhusu meli kurudi sehemu ileile ndani ya siku 14, ndo maana meli moja huwa na njia mbili, wiki hii magharibi wiki ijayo mashariki. Watu wanachagua meli kwa picha za vyumba halafu wanashangaa hawajaona walichokifuata. Wewe taka njia ya magharibi. Ukimwambia binti kwamba ataogelea na pengwini akiwa na mrija mdomoni, Antaktika ataisahau, kule maji yale hayachezewi.

Kuanzia Juni mpaka Novemba maji yanakuwa ya baridi na bahari inachafuka kidogo, Desemba mpaka Mei yana joto zaidi. Kwa watoto wanaojifunza kuogelea ningechukua hii ya pili. Waulizeni mapema kama wana wetisuti (zile nguo za mpira za kuzuia baridi majini) na viatu vya kuogelea saizi ya watoto.

Goti sasa. Kuna kushuka kwa kulowa, boti ya mpira inasogea mchangani mnaingia majini mpaka magotini, na kuna kushuka kukavu kwenye mawe au gati. Kwa mzee kilicho kigumu ni hicho kikavu maana mawe yana utelezi, ile ya mchangani anakaa ukingoni anazungusha miguu basi. Afundishwe kushikana na baharia mkono kwa mkono pale juu ya kiganja, siyo vidole. Kisiwa cha Bartolomé kuna ngazi za mbao zaidi ya 300, hiyo aiache, aombe kuzungushwa na boti kando ya miamba, na pengwini wa pale huwa wanasimama hukohuko chini kwenye mawe.

nyanya_msafiri:
Na chumba chenu kiwe sitaha ya chini katikati ya meli, hapo hapayumbi sana. Dawa ya kutapika muulize daktari wa watoto kabla, ile ya kubandika nyuma ya sikio si ya watoto. Darubini nunua moja ya kila mtoto, ndogo ndogo tu, maana mapacha na darubini moja unajua mwenyewe.