Kompyuta ya michezo ya 1993 hadi 2005: Pentium 4, Core 2 Duo au laputopu niliyo nayo?

Mkaazi wa Lanet, Nakuru

Hamjambo wanajukwaa. Kaka yangu amehamia Eldoret na kuniachia sanduku la diski za michezo. Ndani yake mna DOOM ya 1993, Age of Empires II ya 1999, GTA: Vice City ambayo toleo lake la kompyuta lilitoka 2003, kisha Need for Speed: Most Wanted na Civilization IV, zote mbili za 2005. Jirani ananiuzia kompyuta ya mezani yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Pentium 4 na Windows XP, pamoja na skrini yake nzito yenye mgongo. Katika maduka ya mtumba hapa mjini nimeona kompyuta zenye prosesa ya Core 2 Duo zilizotoka maofisini, zile nyembamba za kulaza mezani. Aidha, ninayo laputopu ya Windows 10 ambayo huitumia kazini. Ni ipi itakayocheza sanduku zima bila kunirudisha dukani kila mwisho wa mwezi?

Fundi wa Kondele, Kisumu

Ndugu, tuanze na mahitaji ya michezo yenyewe. DOOM huridhika na prosesa ya 386 na megabaiti 4 za RAM (kumbukumbu ya muda), kwa hiyo nguvu si tatizo lake hata kidogo. Vice City huomba Pentium III ya megahezi 800, megabaiti 128 za RAM na kadi ya michoro yenye megabaiti 32. Most Wanted ndiyo yenye njaa zaidi kati ya hizo mbili za magari, kwani huanzia prosesa ya gigahezi 1.4 na megabaiti 256 za RAM. Ukisoma takwimu hizo peke yake, Pentium 4 ya jirani yako imefaulu, mradi iwe na kadi ya michoro inayostahili.

Kinachonitia wasiwasi ni umri wake. Madabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitengenezwa kwa kapasita duni, vipande vya kuhifadhi umeme, ambazo huvimba na kuvuja. Kabla hujatoa pesa, omba ufungue kifuniko, umulike tochi ya simu karibu na prosesa, na uangalie vile vimkebe vidogo vya duara. Kichwa cha kapasita nzima huwa bapa kama kifuniko cha soda. Kikiwa kimetuna, au kikiwa na alama ya kahawia kama chai iliyokaukia juu yake, achana na mashine hiyo hata ikiwaka vizuri mbele ya macho yako. Mimi niliwahi kuidharau dalili hiyo katika mashine niliyoinunua dukani, na kabla ya mwezi kwisha ikawa inajizima kila mchezo unapoanza kupamba moto.

Mwalimu, Kakamega

Kwa heshima, Fundi, sioni sababu ya kununua chochote. DOOM itaendeshwa na DOSBox, programu ya bure inayoiga kompyuta ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, na ambayo imekuwepo tangu 2002. Mchezo ukienda mbio kupita kiasi, unabonyeza Ctrl na F11 kuupunguza, au Ctrl na F12 kuuongeza. Michezo ya miaka ya 1990 inayotegemea mbinu za kale za michoro husaidiwa na programu iitwayo dgVoodoo. Laputopu ya kawaida ina uwezo mara nyingi zaidi ya vyote vilivyotajwa hapo juu, na hula stima kidogo. Nyumbani kwangu, tokeni zikiisha katikati ya vita, betri yake hunivusha.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Mwalimu, kuhusu DOOM tunakubaliana kabisa. Kikwazo kipo kwenye zile diski nyingine. Diski nyingi za miaka hiyo zilifungwa kwa kinga dhidi ya kunakiliwa iitwayo SafeDisc, ambayo hutegemea draiva (programu ndogo inayofanya kazi ndani ya Windows) ya secdrv.sys, na Windows 10 iliikataa draiva hiyo tangu ilipotoka 2015. Utaingiza diski halali uliyoinunua kwa pesa yako, nayo kompyuta itakujibu kana kwamba hakuna kitu. Zaidi ya hayo, Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, zile za muundo wa kale, na ipo michezo ya miaka ya 1990 ambayo yenyewe ni ya biti 32 ilhali programu yake ya kujisakinisha ni ya biti 16. Ukiwa tayari kuinunua upya michezo hiyo mtandaoni, hoja yako inasimama. Lakini mwenzetu ameuliza kuhusu diski alizo nazo.

Mama Wawili, Kisumu

Mimi nina Pentium 4 hadi leo na sijutii, ila nitasema kweli: ninaipendea skrini yake. Michezo ya zamani huchorwa kwa nukta 640 kwa 480, na skrini ya mgongo huionyesha ikiwa safi, ilhali skrini bapa huinyoosha ikatoka na ukungu. Joto la mashine hiyo, hata hivyo, mchana wa Kisumu, si la kuombea mtu.

Fundi wa Kondele, Kisumu

Mama amegusa penyewe. Pentium 4 za kuanzia 2004 ziliweza kuzidi wati 80 kwa prosesa peke yake, ilhali Core 2 Duo nyingi za mezani zilikadiriwa wati 65 zikiwa na nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo ushauri wangu ni Core 2 Duo yenye gigabaiti 2 za RAM, uiwekee Windows XP, na usiiunganishe na intaneti, kwa kuwa Microsoft iliacha kuitunza XP Aprili 2014. Skrini ya jirani inunue peke yake kama ataitenga. Michoro ya Intel iliyomo ndani itatosha Vice City, lakini kwa Most Wanted tafuta kadi kama GeForce 8400 GS. Kumbuka kwamba kasha nyembamba hupokea kadi fupi tu, basi beba vipimo, au bora zaidi beba kasha lenyewe hadi dukani.

Mkaazi wa Lanet, Nakuru

Nashukuruni nyote. Nimechukua Core 2 Duo, na DOOM nimeiacha kwenye laputopu kama alivyoshauri Mwalimu. Sasa nimekwama: usakinishaji wa XP unafika mahali fulani, skrini inageuka buluu na kuonyesha 0x0000007B.

Fundi wa Kondele, Kisumu

XP haina draiva ya AHCI, yaani njia mpya zaidi ya kuwasiliana na diski kuu. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, inayofunguliwa inapowashwa), utafute mpangilio wa SATA, ule wa diski kuu, uubadilishe uwe IDE au ATA, njia ya zamani, kisha uanze usakinishaji upya.

Mkaazi wa Lanet, Nakuru

Imekubali. Nimeijaribu sauti kwa Civilization IV, ambayo hufunguka kwa kwaya inayoimba Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mama yangu, ambaye hajawahi kuupenda mchezo wowote wa kompyuta, ametoka jikoni akiuliza hiyo ni kwaya ya kanisa gani. Kadi fupi bado naitafuta. Mwenye kuiona Nakuru au Kisumu aandike hapa.