Naombeni ushauri: kuna mtu namsaidia kiimani, mimi ni muumini wa kawaida tu na nimefika mwisho

BenchiLaNyuma:
Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kulea watu kiroho, kejeli wekeni pembeni tafadhali maana hili jambo linaninyima raha.

Mimi ni mkristo wa kawaida, sijasoma chuo cha Biblia, cheo sina, kazi yangu kanisani ni kupanga viti na kufunga milango ibada ikiisha. Sasa kuna mtu, kanizidi umri, alianza kubaki nyuma tunaongea, mwanzoni stori za kawaida tu baadaye akaanza kufunguka kwamba hawezi tena kuomba, akifungua Biblia anaona maandishi tu, akipiga magoti ni kama anaongea na ukuta. Kanisani hajaacha kuja. Namsikiliza, naomba naye, ila maneno yameniishia. Mtu wa hivi anasaidiwaje? Na je mtu kama mimi nina ruhusa kweli ya kumbeba mwenzangu hivi au najitwika kazi ya watumishi?

SautiYaPili:
Mfungo tu, mkuu, hakuna njia ya mkato. Mimi nilikauka hivyo hivyo baada ya kufiwa na mama, nikawa naimba kwaya midomo tu moyoni hamna kitu, nikawaza kuacha kabisa. Kuna mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa anakuja jioni, anaosha vyombo, anakaa kidogo anaondoka, hata maombi ya sauti kubwa hakuwa nayo. Siku moja nikajikuta naimba na machozi yanatoka. Kwa hiyo mwambie afunge na kuomba, Mungu ni mwaminifu.

FundiMbao:
Dada SautiYaPili umeandika mfungo lakini aliyekutoa ni yule mama wa vyombo, soma tena ulichoandika.

MzeeWaZamu:
Kijana wangu, hilo la ruhusa lisikusumbue. Prisila na Akila walikuwa mafundi wa kushona mahema, na ndio waliomchukua Apolo, msemaji hodari kabisa, wakamweleza njia ya Mungu vizuri zaidi (Matendo 18). Petro anawaita waamini wote ukuhani wa kifalme, hakusema wachungaji peke yao. Hata Wamethodisti wa mwanzo, kule Bristol, Uingereza, mwaka 1742, walijigawa vikundi vya watu kama 12, kiongozi ni muumini wa kawaida, na chanzo chake wala hakikuwa cha kiroho, walikuwa wanakusanya peni moja kwa wiki kulipa deni la jengo. Yule mkusanyaji alivyokuwa anapita kwa watu akaanza kuona nani anaumwa, nani anagombana na mkewe, nani amerudi kwenye ulevi. John Wesley, mwanzilishi wao, akaona hapa kuna malezi. Kwa hiyo wewe wa viti upo mahali pako kabisa.

Mpitaji77:
Naweka kambi hapa, nasoma komenti 😂

NesiMstaafu:
Mwanangu, anakula? Analala? Na kwa nini usimpeleke kwa mchungaji wenu mkasaidiana?

BenchiLaNyuma:
Asante mama. Anakula kidogo, usingizi hana kabisa. Suala la mchungaji kwa hali ilivyo haliwezekani, naomba tuliache. Nachotaka zaidi ni mistari ya kusoma naye.

SautiYaPili:
Zaburi ya 42. Warumi 8. Isaya 40.

FundiMbao:
Haliwezekani kwa nini? Mkuu hapo unaporuka ndipo penye jambo lenyewe. Ana ugomvi na mchungaji? Au kuna dhambi mnaificha? Ukitaka ushauri weka kitu mezani chote.

BenchiLaNyuma:
Sikutaka kufika huku. Haliwezekani kwa sababu yeye ndiye mchungaji.

Na kabla hamjanirukia niwaeleze. Ameniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata mkewe. Aliponiambia hana cha kuhubiri nikamwandikia, nimeshafanya hivyo zaidi ya mara moja, amesimama akasoma na watu wamebarikiwa kweli, nimewaona wakilia. Jumapili hii ni Meza ya Bwana, ameniomba tena na nimeshaanza kuandika. Sioni kama ni uongo, kila nilichoandika nakiamini. Haruni na Huri walimshika Musa mikono alipochoka, Israeli wakashinda vita. Mimi namshika mikono tu.

MlinziWaMlango:
Huo ni unafiki wa madhabahuni, wote wawili mtubu. Mtu haamini halafu anagawa meza takatifu? Siku za mwisho hizi jamani.

FundiMbao:
Mlinzi punguza, hajasema haamini, kasema hawezi kuomba, ni vitu viwili tofauti.

Ila mleta uzi, Kutoka 17 isome vizuri. Haruni na Huri walimtafutia jiwe akae, KWANZA, ndio wakamshika mikono. Fimbo ilibaki kwa Musa. Wewe hujamkalisha, umemwacha kasimama halafu wewe ndiye unashika fimbo ukiwa nyuma yake.

MkatolikiMkimya:
Niongezee kidogo. Kwetu siri ya kitubio ni ya padri na haivunjwi kwa lolote. Wewe hukumsikiliza katika kitubio, umepewa siri ya rafiki, ni nzito na unaiheshimu lakini si ya aina ile, isikufunge mpaka mtu aangamie.

Halafu mwambie hajaanza yeye. Mama Teresa wa Kolkata alifariki 1997, barua zake zilipotolewa 2007 watu walishangaa kusoma kwamba alikaa karibu miaka 50 akimtafuta Mungu bila kumhisi. Lakini barua hizo aliwaandikia nani? Mapadri waliokuwa wanamwongoza. Giza lilikuwepo ila kuna watu walilijua, hakulibeba na mtu mmoja wa kupanga viti, nisamehe kwa kusema hivyo.

JichoKavu:
Hii chai wakuu, nashangaa mnainywa. Akaunti imefunguliwa juzi, uzi wa kwanza, stori inatolewa kidogo kidogo ili mkae. Na hamjashtuka lugha? "Akifungua Biblia anaona maandishi tu", hicho mtu hasimuliwi, hicho unakiishi. Ama huyu ni mtunzi ama huyu ndiye mchungaji mwenyewe.

Mpitaji77:
Duh.

SautiYaPili:
Jamani mmenitia wasiwasi, mchungaji wetu naye siku hizi anasoma kwenye karatasi, zamani hakuwa hivyo.

MlinziWaMlango:
Nilisema mimi. Kama ni mchungaji ajitokeze aseme, tusichezeane akili.

BenchiLaNyuma:
Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani watu wa kanisani wanaijua. Na hayo maneno ni yake, nimeyasikia mara nyingi mpaka nimeyakariri. Mimi si mchungaji. Sina namna ya kuwathibitishia bila kumuanika na sitamuanika. Kama mmeona ni chai mwombeni modereta aufunge uzi.

MzeeWaZamu:
Usiondoke kijana. Jicho, hata kama unachosema ni kweli, unafikiri mchungaji aliyekwama angeweza kuuliza kwa jina lake wapi?

NesiMstaafu:
Awe ni yeye, awe ni rafiki yake, swali langu ni moja na mmelifunika na mabishano yenu. Mtu anakula kidogo, halali, haoni maana ya kitu alichokipenda maisha yake yote. Hiyo inaweza kuwa giza la kiroho, inaweza kuwa sonona, inaweza kuwa vyote kwa pamoja. Mwanangu, amewahi kusema anatamani kufa?

BenchiLaNyuma:
Mama nimekaa na hili swali tangu jana usiku.

Alisema mara moja. Alisema "ningelala nisiamke ningeshukuru." Nikachukulia ni uchovu. Hata Eliya alisema inatosha, Mungu aichukue roho yake, na alikuwa nabii.

NesiMstaafu:
Alisema ndiyo, sasa angalia Mungu alimfanyia nini. Hakumpa mahubiri. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akala, akalala tena, akaletewa tena. Maneno yalikuja baadaye kabisa, na mwisho akapewa Elisha wa kuwa naye.

Nenda leo, usingoje Jumapili. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua, tumia neno hilo hilo. Kumuuliza hakumpi wazo jipya, watu wengi wanapumua wakiulizwa. Akisema ndiyo na ameshafikiria namna, usimwache peke yake hata dakika, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Akisema hapana bado anahitaji daktari wiki hii, na mkewe ajue.

BenchiLaNyuma:
Nimeapa mama. Akiona nimemsaliti hataongea tena na mtu, mimi ndiye pekee aliyenaye.

FundiMbao:
Akuchukie akiwa hai.

MzeeWaZamu:
Usimzunguke. Mwambie usoni: "Kiapo kile siwezi kukishika tena, nataka tumwambie mkeo pamoja, nitakuwepo." Akubali asikubali, mkewe ajue leo. Na Meza ya Bwana waombe wazee watafute mtumishi mwingine, waambiwe mchungaji anaumwa, na huo si uongo. Hayo mahubiri acha kuandika. Sisi washirika tunadhani mchungaji analishwa na Mungu moja kwa moja, hatumuulizi hata analalaje, nami nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu bila kumuuliza wangu.

JichoKavu:
Bado nina mashaka yangu. Ila kama wewe ndiye yeye, fanya alivyosema nesi, mwambie mkeo leo. Inbox yangu ipo wazi na sitauliza jina.

BenchiLaNyuma:
Nimempigia. Amesema nije jioni, nimemwambia hapana nakuja sasa hivi. Mahubiri nimeishia ukurasa wa pili, siendelei.

SautiYaPili:
Usisahau mrejesho mkuu.

NesiMstaafu:
Mrejesho baadaye. Ukifika simu mfukoni, kaa naye, na kama hajala anza na hilo.