Mrejesho: ile betri ya zinki iliyokuwa inakufa mapema
Wakuu nimerudi. Niliuliza mbona betri yangu ya zinki yenye kathodi (upande chanya) ya manganisi dioksaidi ya matabaka inachoka haraka, mkasema manganisi ya kathodi inayeyukia kwenye elektroliti (maji ya betri). Kweli bana! Nimeongeza manganisi salfeti mola 0.1 kwa lita kwenye elektroliti yangu ya zinki salfeti ya mola 2 kwa lita ili kupunguza huko kuyeyuka, halafu kathodi nimeitengeneza upya na potasiamu katikati ya matabaka, inashika kama nguzo yasiporomoke zinki ikiingia na kutoka, sasa ni wiki ya pili haijalegea. Ila sehemu ya chaji ninayopata inatokana na manganisi ya ile salfeti niliyoongeza kuganda kathodini, si kathodi yenyewe, mi nilishaanza kujisifu lol. Kilichobaki ni zinki ya upande hasi kuota vimiiba vya chuma wakati wa kuchaji, hapo bado nahangaika.