Naomba ushauri: kuunga amplifaya kwenye plagi ya vifaa vya ziada ya pikipiki

Mleta uzi (Mbale):
Habari zenu wakubwa. Pikipiki yangu ya matangazo, ninayozunguka nayo vijijini chini ya Mlima Elgon, ina plagi ya vifaa vya ziada chini ya kiti, yenye fyuzi ya ampea 5, na hupata umeme pale tu ufunguo unapowashwa. Amplifaya ni ya chaneli mbili, wati 50 kila moja. Sauti ikiwa ya chini hakuna tatizo, ila nikiipandisha fyuzi inaungua. Fundi mmoja ameniambia niweke ya ampea 15. Je, ni salama?

Fundi wa Jinja:
Usikubali, ndugu yangu. Fyuzi ile imewekwa kulinda waya, wala si amplifaya. Ampea 5 kwa volti 13.5 ni wati 67 hivi, ilhali amplifaya ya wati 100, hata ikiwa na ufanisi wa asilimia 80, huvuta wati 125 ikifanya kazi kwa nguvu zote, yaani zaidi ya ampea 9. Ukiweka fyuzi ya 15, waya ule mwembamba unaweza kuyeyuka fyuzi ikiwa bado nzima, na pikipiki nyingi nyaya zake hupita chini ya tangi la petroli.

Iache plagi iwashe rilei tu (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa): pini yake ya 86 ipokee umeme wa plagi na 85 iende hasi, 30 itoke kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu kabisa na betri, na 87 iende kwenye amplifaya. Tumia waya wa milimita mraba 2.5.

Mwendesha boda (Kampala):
Naongezea kwamba kabla ya kununua rilei, utazame kama amplifaya ina tundu lenye herufi REM, yaani la waya mdogo wa kuiamrisha iwake. Ikiwa nalo, umeme wa plagi uingie hapo, waya mkubwa utoke kwenye betri kupitia fyuzi ile ile ya ampea 15, na rilei haihitajiki. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chaji. Pima betri kwa mita wakati injini inazunguka polepole na spika zinapiga. Ikishuka chini ya volti 12.6, betri ndiyo inayobeba mzigo, na ukikaa hivyo sokoni kutwa, jioni utasukuma pikipiki.

Mleta uzi:
Asanteni sana. Tundu la REM lipo. Lakini nikivuta mafuta spika hupiga mluzi unaopanda pamoja na injini. Hilo nalo linatokana na plagi?

Fundi wa Jinja:
Mara nyingi ni waya wa hasi wa amplifaya. Iunge moja kwa moja kwenye betri badala ya fremu, na waya wa sauti utoke kwenye simu ukipita mbali na koili ya plagi ya moto. Mluzi ukibaki, chomoa simu kwenye chaja yake kisha usikilize tena. Chaja za bei rahisi zina makelele mno.